Visigino vya Mwashi na Kitambaa Namba Saba

Mtu akikwambia anauza blanketi la baridi kali lenye uzito wa nusu mkate, muulize kwanza swali moja: je, amewahi kulala kitanda kimoja na mwanamume mwenye magaga? Bi Mitatu alikuwa amelala na wa kwake kwa miaka thelathini na minne, na ndiyo maana vitambaa havikumbabaisha.

Alikuwa mshonaji katika karakana ya ghorofani, juu ya duka la rangi, yenye cherehani saba na mzani mmoja. Hapo walishona mablanketi ya manyoya ya bata kwa ajili ya watembea milimani, wale watu wenye nyumba nzuri na vitanda vizuri ambao huomba likizo ili wakalale juu ya mawe. Blanketi lenyewe ni vitambaa viwili vyembamba vilivyoshonwa vyumba vyumba, na kila chumba kimejazwa manyoya laini ya kifuani mwa bata. Chini halina kitu, kwa sababu manyoya ukiyalalia hayakusaidii. Unajifunika tu, na miguu unaitumbukiza kwenye mfuko ulioshonwa mwishoni. Likiwa zima, utalala kama mfalme. Likichanika, manyoya yanatoroka kidogo kidogo, na asubuhi unaamka umefunikwa matambara mawili matupu, bata wote wameshaondoka.

Mwenye karakana walimwita Bwana Gramu, tena kwa nyuma, maana mbele yake alikuwa bosi. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni uzito. Mswaki wake alikuwa ameukata mpini. Kijiko chake alikitoboa matundu matatu, akawa anakula mchuzi kwa haraka usije ukamwagika wote. Funguo za karakana alizipiga tupa zipungue, mpaka mlango mmoja ukagoma kufunguka. Tumbo lake, ambalo lingeweza kupunguzwa kilo kumi na tano bila tupa yoyote, hakuligusa.

Kila asubuhi akimaliza kupanda ngazi, kabla hata ya salamu, aliuliza, "Leo tunapunguza nini?" Alishapunguza zipu, akapunguza vifungo, akapunguza lebo. Kitu kilichomshinda ni mishono mitatu ya uzi mnene mwekundu ambayo Bi Mitatu aliitia kwenye pembe ya kila blanketi lililopita mikononi mwake, na ambayo ndiyo iliyompa jina. Maana yake ilikuwa: hili nimelishona mimi, na likikuangusha njoo unitafute. Kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyekuja kumtafuta. Wateja waliingia pale wakageuza pembe kwanza, ndipo wakauliza habari za rangi.

"Mama, huo uzi ni uzito," Bwana Gramu alikuwa akilalamika.

"Ni jina langu, bosi. Ukilitoa hilo, nitoe na mimi."

Basi anarudi kwenye mzani wake.

Sasa, vitambaa vya kazi hiyo huitwa kwa namba, na namba ikishuka ujue uzi umekuwa mwembamba zaidi. Zamani walishonea namba thelathini, kitambaa cha watu wazima. Wakashuka ishirini. Wakashuka kumi. Kila kitambaa kilikuja na cheti cha maabara kinachoapa kwamba kimesuguliwa na mashine mara elfu kadhaa bila kutoboka. Siku moja Bi Mitatu alionyeshwa picha ya mashine hiyo: kisahani cha duara kilichovikwa kipande safi cha sufu, kinazunguka taratibu juu ya kitambaa kilichotandazwa bila kunjo hata moja.

"Hii ni mashine au ni yaya?" aliuliza. "Nani analala hivi? Huyu hageuki, hana kucha, hana mkanda, hapigi teke! Akhaa!"

Yeye alikuwa na mashine yake nyumbani. Mashine hiyo ilikuwa mume wake.

Mzee alikuwa mwashi mstaafu. Miaka arobaini alikanyaga saruji na kokoto kwa miguu mitupu, na visigino vyake vilipasuka magaga ambayo, akiyaburuza sakafuni, ungedhani kuna mtu anapiga msasa mlango. Usingizini alirusha mateke kama anayefukuzwa na nyuki. Kitambaa kipya kikija karakana, Bi Mitatu alishona blanketi moja la majaribio, akalibeba nyumbani, akamfunika mzee. Kila asubuhi, mzee akiwa bado anakoroma, alivaa miwani, akainua upande wa miguuni, akauangalia kwenye mwanga wa dirisha. Asubuhi arobaini bila tundu, kitambaa kimefaulu. Ndivyo alivyofanya kwa miaka kumi na moja. Mwaka uliopita kulikuwa na kitambaa kilicholetwa na mchuuzi mmoja mwenye viatu vya kung'aa na maneno mengi. Usiku wa pili tu, mzee akaamka na manyoya kwenye masharubu. Bi Mitatu akaenda kazini akasema, hicho hakifai.

"Umejuaje?" akaulizwa.

"Nimekishika tu."

Wote wakaamini ana vidole vya miujiza. Naye, mwanamke mwenye ulimi mkali kiasi kile, hakusema neno la kuwakosoa. Alikubali kusifiwa, akavimba kichwa kidogo.

Mzee hakuwa na habari. Alichojua ni kwamba mke wake anamdekeza. Kila Jumamosi alikaa kwa kinyozi kuwatambia wenzake: "Nyie mnafunikwa na nini? Mimi nafunikwa manyoya. Mama watoto hataki nisikie baridi hata kidogo, kila mara ananibadilishia." Kinyozi alishayasikia hayo mpaka anayajua kwa moyo.

Ndipo ikaja namba saba. Kilikuwa kitambaa cha kuweka juu ya gazeti ukasoma habari zote. Bwana Gramu alikipandisha ngazi amekikumbatia kama mtoto mchanga. Bi Mitatu alikishika, akacheka waziwazi.

"Hiki hakifiki Jumatano," akasema, akashona blanketi la majaribio, akaenda nalo nyumbani kwa furaha ya mtu anayekwenda kuona mwenzake akiumbuka.

Jumatano ikafika, ikapita. Ikaja wiki ya pili, ikaja ya nne. Siku ya arobaini Bi Mitatu alivaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena. Hakuna uzi uliochomoka. Alikaa pale dirishani ameduwaa, akiwaza kwamba labda amezeeka, labda dunia imeshagundua vitu na yeye amebaki kupiga kelele. Lakini alikuwa mtu wa haki. Alikwenda karakana akatamka, kwa sauti ya anayeng'olewa jino, "Kimefaulu."

Bwana Gramu aliubusu mzani. Mchana uleule alimtuma mtu duka la rangi, na ukutani pale mlangoni yakaandikwa maneno makubwa: NAMBA SABA, HATA BI MITATU AMEKUBALI.

Oda ya kwanza ilikuwa mablanketi kumi na manane, kwa kundi la watu waliokuwa wanakwenda siku kumi na mbili juu kabisa, kule maji yanakoganda ndani ya chupa. Kiongozi wao angekuja kuyachukua Jumamosi asubuhi. Bi Mitatu aliyashona yote, akatia mishono yake mitatu katika kila moja.

Ijumaa umeme ulikatika karakana, wakaachiwa mapema. Alipofika nyumbani mzee hakuwepo, naye akaona bora afagie uvungu wa kitanda. Upande wa mzee, nyuma ya boksi la viatu, ufagio ukagonga kitu. Akavuta. Kopo la mafuta ya mgando, karibu linakwisha. Jiwe la kusugulia miguu, limeliwa mpaka limekuwa bapa kama kipande cha sabuni. Soksi nene, jozi mbili.

Damu ilimpanda. Mwanamume wa miaka sitini na minane! Huyu ambaye amebembelezwa miaka thelathini na minne akasugue miguu, akawa anajitia kiziwi, leo anaisugua kwa ajili ya nani? Mzee alipofungua mlango alimkuta amesimama katikati ya chumba, kopo mkononi.

"Ni nani?"

"Nani nani?"

"Huyo unayemlainishia visigino!"

Mzee alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Mke wangu, usinicheke. Unakumbuka mwaka jana, nilipoamka na manyoya usoni? Niliona aibu. Nikasema, hii miguu yangu inaharibu mali ya kazini kwa watu, itakuja kukufukuzisha kazi. Basi ulipoleta hili jipya, jembamba vile, nikajikaza. Kila jioni ukiwa jikoni nasugua, napaka mafuta. Ukishalala navaa soksi, mbili mbili. Alfajiri kabla hujaamka nazivua." Akatabasamu, mtu mwenye fahari. "Na umeona mwenyewe! Siku arobaini, hata uzi haujatoka."

Bi Mitatu akakaa kitandani. Kwanza alicheka, kwa sababu hakukuwa na mwanamke mwingine. Kisha akayakumbuka yale mablanketi kumi na manane.

"Mungu wangu. Kipimo changu chote kimekwenda na maji!"

"Kipimo gani?"

Kushona alikuwa hodari, kudanganya hakujua. Akamwambia yote, kuanzia blanketi la kwanza. Mzee alisikiliza amesimama, kofia ingali mikononi.

"Kwa hiyo miaka yote hii," akasema taratibu, "mimi ni mashine."

Akavaa kofia, akatoka. Kesho yake, Jumamosi, kwa kinyozi hakwenda. Angewaambia nini kule?

Jumamosi Bi Mitatu alipanda ngazi za karakana. Usiku hakulala. Angeweza kunyamaza, na hakuna mtu ambaye angejua, mpaka siku watu kumi na wanane wangeamka kwenye barafu wamefunikwa matambara, wakageuza pembe wakaona mishono mitatu myekundu. Na akisema, ataumbuka mbele ya watu aliowacheka miaka yote. Alisimama katikati ya cherehani saba, akajikaza, akasema.

Mkata kitambaa alicheka mpaka akaegemea meza.

"Bi Mitatu! Kumbe vile vidole vya miujiza ni miguu ya mzee?"

"Cheka tu," akajibu. "Mimi niliyeicheka mashine ya maabara kwa kuvaa kipande cha sufu, mashine yangu ilivaa soksi mbili na kupakwa mafuta. Haya, chekeni wote, tumalize."

Bwana Gramu hakucheka. Alikuwa anawaza, na akiwaza huwa analamba midomo.

"Kwa hiyo," akasema, "kitambaa kinadumu, mradi mtu amepaka mafuta na kuvaa soksi."

"Bosi!"

"Hatujamdanganya mtu. Tutaandika maelekezo. Kata kucha, sugua visigino, paka mafuta, vaa soksi. Kwenye karatasi nyepesi."

"Na mtu mwenye mkanda? Na mwenye saa? Na anayeota anafukuzwa akarusha teke?"

"Wasiote," akasema Bwana Gramu.

Bi Mitatu hakubishana tena. Alichukua mkasi mdogo, akavuta blanketi la juu, akaanza kufumua mishono yake. La kwanza, la pili, la tatu. Cherehani zilinyamaza moja baada ya nyingine, na mkata kitambaa naye akaacha kucheka, maana wote walielewa kinachofanyika. Miaka kumi na tisa hajawahi kutoa jina lake kwenye kazi yake, na leo analitoa mara kumi na nane mfululizo. Alipomaliza, machozi yalikuwa yanamlengalenga na hakujali nani anayaona.

Bwana Gramu aliokota nyuzi zote nyekundu pale mezani, akazikunja, akaziweka kwenye mzani.

"Gramu mbili!" akapaza sauti. "Mama, si nimekuwa nakuomba hivi siku zote?"

Kabla hajajibiwa, kiongozi wa safari akaingia. Alikuwa mwanamke mfupi, uso umebabuka kwa upepo, na buti zilizopigwa vumbi mpaka rangi yake haijulikani tena. Alisalimia, akachukua blanketi la juu, akageuza pembe. Akageuza pembe nyingine. Akachukua la pili, la tatu.

"Alama iko wapi?"

"Tumepunguza uzito," Bwana Gramu akawahi kujibu.

"Sijakuuliza wewe, kaka." Alikuwa anamwangalia Bi Mitatu.

"Nimeyashona mimi, dada yangu," akasema Bi Mitatu. "Alama nimezifumua asubuhi hii. Kitambaa nilikipima vibaya. Huenda kikafika siku ya kumi na mbili, huenda kisifike ya tatu. Mimi sitii jina langu kwenye huenda."

Bwana Gramu alimkodolea macho ya kumwambia kazi huna tena.

Kiongozi alikaa kwenye kiti cha wateja, akafungua buti, akavua soksi. Jamani! Ungeviona visigino vile. Mzee wa Bi Mitatu, katika siku zake bora, angesimama pembeni akampisha. "Na wenzangu wote wana hivihivi," akasema. Akatumbukiza mguu kwenye mfuko wa blanketi, akageuka mara moja kama mtu anayebadilisha ubavu, akarusha teke dogo tu, la adabu.

Mlio wenyewe ulikuwa mdogo. Lakini manyoya! Yalipanda hadi darini, yakashuka juu ya cherehani, yakamwingia mkata kitambaa mdomoni, mengine yakatua taratibu kwenye mzani. Bwana Gramu akautazama mzani kwa mazoea.

"Gramu tatu," akasema, kwa sauti ya mtu aliye ndotoni.

Kiongozi alivaa buti zake. Kwenye rafu ya nyuma kulikuwa na mablanketi ya namba ishirini yaliyokosa wanunuzi kwa sababu eti ni mazito. Aligeuza pembe moja moja mpaka akapata kumi na manane yenye mishono mitatu.

"Haya ni mazito mno!" Bwana Gramu akalalamika. "Kila moja kama mkate mzima!"

"Mkate watabeba," akasema kiongozi. "Si wana migongo?"

Jumatatu yale maneno ya ukutani yalipakwa rangi juu yake. Bwana Gramu alikuja kusimama karibu na cherehani ya Bi Mitatu, mpole kama mtu anayeomba chumvi.

"Mama, yule mzee wako... hawezi kuja hapa tukamwajiri rasmi?"

"Amestaafu," akajibu, bila kuinua kichwa.

Alijibu kwa ukali kwa sababu nyumbani hali ilikuwa mbaya. Tangu Ijumaa mzee alikuwa amelikunja blanketi la manyoya, akaliweka upande wa mke wake, akatoa kabatini blanketi kuukuu la sufu linalonuka dawa ya nondo. Magaga yalikuwa yameanza kurudi, soksi alizivaa sasa bila kuficha. Hakugomba. Alizungumza habari za mlango na maji ya kuoga, basi. Mara moja tu, akiwa anakunywa chai, alisema, "Kule kwa kinyozi niliwaambia mke wangu hataki nisikie baridi." Akamaliza chai yake. Bi Mitatu aliyavumilia macheko yote ya karakana, lakini hilo moja lilimchoma. Kweli miaka kumi na moja alikuwa anamfunika, na kweli miaka kumi na moja alikuwa anaangalia kitambaa.

Katika stoo ya karakana kulikuwa na kipande cha mwisho cha namba thelathini ambacho hakuna aliyekihitaji. Alikiomba, akakijaza manyoya mara mbili ya kawaida, akakishona wiki nzima kila wakati wa mapumziko. Kwenye pembe akatia mishono mitatu. Akalibeba blanketi hilo nyumbani, akaliweka upande wa mzee.

"La kupima nini hili?" mzee akauliza.

"Si la kupima. La kukufunika."

Mzee alilipima kwa mkono, kama alivyozoea kupima tofali.

"Zito."

"Ndiyo, zito."

Alikaa pembeni ya kitanda muda mrefu, analigeuzageuza. Mwishowe akavua soksi, akatumbukiza miguu ndani.

Asubuhi Bi Mitatu aliamka wa kwanza, kama siku zote. Jua lilikuwa limeshafika dirishani. Akavaa miwani, akanyoosha mkono polepole, akainua upande wa miguuni, akauangalia kwenye mwanga. Mkono ulijiendea wenyewe, yeye hata hakuwaza. Alipogeuka alimkuta mzee amelala chali, macho wazi, anamtazama.

"Vipi," mzee akauliza, "limefaulu?"